Ukimya si jibu: niliyojifunza nikiunda mfumo wa mawasiliano kwenye feri, Kisumu

Ukitaka kuwasaidia watu wa chomboni wasikilizane, anza kwa kubuni jibu. Agizo litajipata lenyewe. Sentensi hiyo imenigharimu pesa na usingizi mwingi, na ninaiandika hapa kwa ajili ya fundi mwingine atakayeitwa ziwani kama nilivyoitwa mimi.

Kazi yangu ni umeme na elektroniki. Kwa kawaida utanikuta kwenye pampu, inveta na mitambo ya viwanda vidogo hapa Kisumu. Mwenye feri moja ya magari na mizigo inayofanya kazi Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, ambayo jina lake nitaliacha, alinitafuta kwa sababu ya mkono wa kijana. Walikuwa wakiifunga feri gatini upepo ukivuma kwa nguvu. Kapteni alisema kwenye redio ya mkononi, "Usivute!" Kijana wa winchi, ile mashine ya kuvuta kamba, akasikia "vute", akavuta, na kamba ikambana mwenzake vidole juu ya chuma. Havikukatika, lakini alikaa nyumbani muda mrefu na hadi leo kiganja chake hakifungi vizuri.

Nilipoanza kuuliza, kila mtu alikuwa na wa kumlaumu: redio, upepo, kijana mwenyewe. Nilichukua redio zile zile nikazijaribu karakanani, na tatizo likajionyesha mapema. Ukibonyeza kitufe, redio huhitaji kitambo kidogo kabla haijaanza kurusha sauti. Mtu mwenye haraka husema huku anabonyeza, kwa hiyo silabi ya kwanza hupotea. Zile redio zinazojiwasha zenyewe zikisikia sauti ni mbaya zaidi, kwa sababu lazima kwanza zisikie ndipo zifunguke. Sasa tazama Kiswahili chetu: katazo hukaa kichwani mwa kitenzi. Usivute, usiachie, usisogee. Kata kichwa, na kinachobaki masikioni, katikati ya upepo na injini, ni vuta, achia, sogea. Redio inaligeuza katazo kuwa amri.

Dawa yake haikugharimu hata shilingi. Tulikaa na kapteni na mabaharia tukakubaliana kwamba agizo lolote linaloweza kumuumiza mtu halitaanza na "usi". Badala ya "usiachie" tunasema "shikilia". Badala ya "usivute" tunasema "simama winchi". Na kila mtu abonyeze, avute pumzi, ndipo aseme. Maagizo ya injini waliyazoea kwa Kiingereza cha mabaharia, nikayaacha hivyo. Mambo yakipamba moto Kijaluo kinatoka, nacho nikakiacha. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini mwaka 2001, na ndani yake mshika usukani anatakiwa kurudia kila agizo analopewa. Huo urudiaji tuliuchukua wote. Kama chombo chako hakina bajeti ya kitu kingine chochote, fanya hayo na utakuwa umepunguza hatari kubwa.

Mwenye feri lakini alitaka vifaa, na alikuwa tayari kulipa. Wazo lake lilikuwa skrini ya kugusa kila kituo: kwa kapteni, kwenye injini, kwenye winchi, na kwenye mlango wa magari. Nilikubali kujaribu. Tulipeleka moja chumba cha usukani na nyingine chumba cha injini, na zote mbili zilishindwa, kila moja kwa sababu yake. Kwenye injini, vidole vyenye dizeli na grisi havikusomeka, na skrini ilibofya mambo ambayo hakuna aliyeyataka. Juu, jua la saa sita likiakisi ziwani lilifanya skrini ionekane nyeusi tupu. Usiku likawa kinyume chake: mwanga wake ulimpiga kapteni machoni hadi akaifunika kwa kofia. Jicho huchukua dakika ishirini hadi thelathini kuzoea giza sawasawa, na mwanga mkali wa muda mfupi huharibu kazi hiyo yote. Kapteni anayetafuta mtumbwi wa mvuvi usio na taa hana dakika hizo za kupoteza.

Hapo ndipo nilipoacha kuchora na kuanza kusafiri nao. Kama kuna jambo moja ningekusihi ufanye kabla ya kununua hata waya, ni hili: kaa katika kila kituo, kwa zamu nzima, usiku na mchana, na uandike macho ya mtu yako wapi, masikio yanafanya nini, mikono imeshika nini. Daftari langu lilinipa picha ambayo sikuwa nayo. Kapteni wakati wa kutia gati: macho nje, mikono kwenye vishikio vya injini, masikio yana nafasi. Fundi wa injini: masikio yamezibwa na kinga, mikono ina mafuta, macho yanazunguka kwenye geji. Wa kamba: mikono imejaa, macho yako kwenye kamba na hayapaswi kutoka hapo, masikio yana upepo. Kanuni ya IMO ya kelele, iliyoanza kuwa lazima kwa meli mpya kubwa Julai 2014, inaruhusu hadi desibeli 110 ndani ya chumba cha mitambo, ilhali chumba cha usukani kikomo chake ni 65. Feri yetu haiguswi na kanuni hiyo, lakini tarakimu zile zinakueleza kwa nini kengele inayomshtua kapteni kule juu haifiki kabisa kwa mtu wa chini. Mfumo wa njia nyingi, yaani mwanga, sauti na mguso pamoja, haumaanishi kurundika vyote vitatu kila mahali. Unamaanisha kumfikia kila mtu kwa mlango ulio wazi kwake wakati ule.

Fundi mkuu wa injini ni mzee aliyeanza kazi kwenye meli za reli, enzi mabehewa yakivushwa kutoka Kisumu hadi Mwanza na Port Bell. Wote humwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo. Nilipomwonyesha michoro yangu mipya alinyamaza, kisha akachukua kalamu akanichorea kifaa cha zamani cha shaba: duara lenye maneno ya mwendo, mshale na kishikio. Kapteni akisogeza kishikio juu, mshale wa chini unasogea na kengele inalia. Fundi akisogeza chake kufika mahali pale pale, mshale wa jibu unasogea kule juu na kengele inanyamaza.

"Kijana wangu," akaniambia, "ile kengele haikunyamaza kwa sababu kapteni amesema. Ilinyamaza kwa sababu mimi nimejibu."

Niliondoka na mchoro ule nikaubandika ukutani. Watu wa karne ya kumi na tisa walikuwa wameshaunganisha jicho, sikio na mkono katika kifaa kimoja, na jibu likiwa sehemu ya kifaa chenyewe. Siku zile zile nilikuwa nikisoma habari za feri ya Herald of Free Enterprise, iliyoondoka Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987 milango yake ya mbele ikiwa wazi. Ilipinduka muda mfupi baadaye na watu 193 wakafa. Baharia aliyepaswa kuifunga milango alikuwa amelala kwenye chumba chake. Nahodha hakuwa na taa ya kumwonyesha kama imefungwa au la. Utaratibu ulikuwa kwamba asipopata habari ya tatizo, basi mambo ni sawa. Manahodha wa kampuni hiyo walikuwa wameomba taa hizo kabla ya ajali, na hawakupewa. Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Taa. Balbu ndogo na swichi mlangoni. Niliona uchungu, kisha nikaona woga, kwa sababu michoro yangu mwenyewe ilikuwa na vitufe vingi vya kutuma na hakuna hata kimoja cha kujibu.

Kwa hiyo mfumo wote ukageuka. Kila kituo kina safu fupi ya vitufe vikubwa vya chuma, vinavyobonyezeka kwa glavu au kwa kiwiko. Kapteni akituma agizo, taa ya kituo husika inaanza kuwaka na kuzima kwake na kwa anayeagizwa, pamoja. Inaendelea hivyo mpaka yule wa pili abonyeze kitufe cha agizo lile lile, ndipo inatulia, yaani inabaki ikiwaka bila kuzima. Akibonyeza kingine, haitulii. Akikosea, wote wawili wanaona. Na kabla ya kuondoka gatini lazima kapteni aone taa tatu zimetulia: mlango wa magari, kamba, injini. Taa isiyowaka maana yake kituo hakijawa tayari, hata kama sababu ni balbu iliyoungua. Hili la mwisho lilizua ubishi, kwa kuwa mwenye feri aliogopa kuchelewa kwa ajili ya balbu. Nilisimama hapo hapo. Ukiruhusu taa iliyokufa isomeke kama "sawa", umerudisha ule ukimya wa Zeebrugge. Sasa balbu zinakaguliwa kila asubuhi kwa kitufe kimoja kinachoziwasha zote, na za akiba ziko kwenye droo ya kapteni.

Mtu wa mlango wa magari aliomba jambo ambalo sikulifikiria. Alitaka awe na uwezo wa kusimamisha. Yeye ndiye anayeona magari yakiingia, anayeona feri imekaa vipi majini, na mara nyingi ni mdogo kwa umri na cheo. Wazee wa ziwa hili wana MV Bukoba, meli iliyozama Mei 1996, moyoni, na vijana wana MV Nyerere, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018. Zile hazikuwa ajali za redio. Zilihusu watu na mzigo kupita uwezo wa chombo. Lakini kijana aliniuliza, "Nikiona imezidi, nimwambie nani, na atanisikia?" Tukaweka kitufe cha "Simama" katika kila kituo, hata kile cha chini kabisa kwa cheo, na kapteni mwenyewe aliwaita wote akasema mbele yao kwamba hakuna atakayegombezwa kwa kukibonyeza. Kitufe bila maneno yale kisingebonyezwa kamwe.

Jaduong' naye alinifungua macho kuhusu gugumaji. Likijaa ghubani, majani na mizizi hufyonzwa kwenye chujio la maji ya kupozea injini, na joto hupanda. Fundi anahitaji kumwambia kapteni apunguze mwendo sasa hivi, lakini mikono yake imeshaingia kwenye chujio. Michoro ya awali ilipeleka maneno kutoka juu kwenda chini tu, kana kwamba wa chini hawana la kusema. Tulimwekea kanyagio la mguu. Akilikanyaga, kapteni anasikia mlio na sauti iliyorekodiwa, "Injini inaomba polepole," kwa sauti ya Jaduong' mwenyewe. Tulijaribu sauti ya mtangazaji, nzuri na laini, na haikuwashtua. Sauti ya mtu unayemjua yuko chini yako kwenye joto hukufanya usogeze mkono.

Kuhusu milio, uwe mwangalifu na ile ambayo tayari ina kazi. Milio saba mifupi na mmoja mrefu ni tahadhari kuu ya dharura melini, na usitengeneze chochote kinachofanana nayo. Honi tatu fupi, kwa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, husema injini zinarudi nyuma. Kapteni ndiye aliyenikumbusha, tukaitumia: mapigo matatu mafupi yakabaki kuwa "nyuma" katika mfumo mzima, iwe taa, mlio au mtetemo. "Simama" ni mfululizo usiokatika hadi ujibiwe. Rangi vilevile. Majini, nyekundu ni upande wa kushoto na kijani ni wa kulia, kwa hiyo kwenye chumba cha usukani hatukutegemea rangi kusema sawa au hatari. Tulitegemea taa kutulia au kuwaka na kuzima, na mahali ilipo kwenye ubao. Taa zetu zina kipunguza mwanga kinachofika karibu na giza.

Mtetemo ndio ulionipa taabu zaidi. Nilitaka bangili ya mkononi kwa watu wa kamba, inayogonga ngozi, kwa kuwa macho na masikio yao yana kazi. Karakanani ilifanya vizuri. Ndani ya feri, chombo kizima kinatetemeka, na mtu aliyeegemea ukingo hakutofautisha bangili na injini. Tulipata nafuu tulipoacha mitetemo mirefu na kutumia mapigo makali yenye nafasi kati yake, mdundo ambao injini haiwezi kuuiga. Lakini kijana wa winchi alikataa kuivaa, na alikuwa na haki. Kitu chochote cha mkononi karibu na kamba inayozunguka kinaweza kunaswa na kuuvuta mkono pamoja nacho. Hata baada ya kuweka mkanda unaokatika ukivutwa, yeye hakuvaa, nasi hatukumlazimisha. Winchi ina taa kubwa mbele ya macho yake, pale anapotazama kamba. Wenzake wa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, wanaivaa ndani ya mkono wa koti.

Sasa pesa. Watu hudhani gharama ni kompyuta. Kompyuta ndogo na vitufe tulivipata Nairobi, Luthuli Avenue, kwa bei ya kustahimilika, na vibao vya mfano tulivichongesha kwa mafundi wa jua kali Kibuye. Kilichokula zaidi ya nusu ya bajeti ni nyaya, viungio visivyopitisha maji, na kazi ya kuvipitisha. Nilikuwa nimepanga mawasiliano yasiyo na waya, kisha nikakutana na kuta za chuma: redio inayofika ng'ambo ya uwanja haifiki chumba cha pili melini mlango ukifungwa. Na huwezi kutoboa ukuta unaozuia maji upendavyo. Shimo lile ni njia ya maji siku chombo kikiumia. Tulitumia vipenyo vilivyokuwepo, na pale palipohitajika kipya tulisubiri mkaguzi aidhinishe. Kusubiri huko kuliniumiza mfukoni, kwani malipo yalikuwa yamefungwa kwenye hatua za kazi. Andika kwenye mkataba kwamba muda wa ukaguzi si muda wako. Pia weka betri ya mfumo peke yake: injini inapowashwa, umeme wa chombo unashuka ghafla, na kompyuta zetu zilikuwa zikizimika wakati ule ule zinapohitajika. Na kila kiungio kifungwe kwa skrubu. Vile vya kuchomeka tu vililegea kwa mtetemo.

Kitu kilichokaribia kuua kazi yote hakikuwa cha kiufundi. Mfumo ulikuwa unaandika saa ya kila agizo na kila jibu, ili nione panapochelewa. Mabaharia waligundua. Majibu yakaanza kuja haraka ajabu, na nikafurahi, hadi Jaduong' aliponivuta pembeni akaniambia vijana wanabonyeza kabla ya kufanya, wakiogopa kwamba rekodi itatumiwa kuwakata mshahara. Jibu lisilo la kweli ni baya kuliko kutojibu. Tulifanya kikao na mwenye feri, kigumu, mimi nikiwa katikati. Tulikubaliana rekodi isomwe kwa pamoja, kapteni na mabaharia wakiwepo, na isitumike kwenye mambo ya mshahara. Iliandikwa na kutiwa sahihi. Majibu yalirudi kuwa ya polepole, na ya kweli. Ukifanya kazi ya namna hii, zungumza habari ya rekodi kabla ya kuwasha kifaa.

Usiku wa kwanza wa upepo mkali mfumo ukiwa umekamilika nilikuwa ndani. Radi zilikuwa zikimulika upande wa ziwa kuu, na feri ilisukumwa kuelekea gati kwa ubavu. Kapteni hakushika redio. Alibonyeza "shikilia" kwa tezi, na taa ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Ilikuwa sekunde chache, lakini tumbo langu lilijikunja. Ndipo ikatulia. Akageukia injini, mapigo matatu, jibu likarudi mara moja, na tukasimama. Hakuna aliyepiga kelele. Baadaye nilimuuliza baharia wa tezi kwa nini alichelewa. Akasema kamba ilikuwa bado haijakaa kwenye kigingi, na asingejibu kabla haijakaa.

Yapo ambayo hatujayamaliza. Abiria hawajui maana ya taa zetu, na wengine husimama mbele yake wakipiga picha. Matengenezo yananipa wasiwasi zaidi. Nimechora mchoro wa nyaya kwa Kiswahili na kuubandika ndani ya kifuniko cha kila sanduku, kila waya ukiwa na namba, na nimemfundisha msaidizi wa Jaduong' kubadilisha kibao kizima bila mimi. Yeye ameshafanya hivyo mara moja nikiwa Nakuru, akanipigia simu baada ya kumaliza.